Pongo Wawili wa Cleopa

Siku hizi mtu wa Kilosa akitaka kumwona pongo, yule swala wa msituni, hupanda gari mpaka mbuga ya Mikumi akamchungulie dirishani, lakini zamani, milimani juu ya Munisagara, pongo alilala zizini pamoja na mbuzi na hakuna aliyemshangaa.

Huko ndiko Cleopa alikozeekea. Alikuwa mtegaji, Mwanglikana wa madarasa manne ya misheni, na alishika desturi moja ya kwao bila kuihoji: mtego ukimuua mnyama anayenyonyesha, mwenye mtego humtafuta mtoto wake, humlea kwa maziwa ya mbuzi, na kamwe hamfukuzi. Akikomaa huondoka mwenyewe. Asubuhi moja unakuta hayupo, basi.

Mwaka 1974, watu waliposhushwa kwa amri ya serikali kwenda kijiji kipya upande wa Tindiga, Cleopa alikuwa na watoto wawili wa pongo, jike na dume. Waliteremka naye nyuma ya mbuzi. Bondeni viwanja vilipimwa kwa kamba, nyumba zikakaa kwenye mistari kama wanafunzi, zizi hatua arobaini kutoka jikoni. Msitu haukuwepo. Pongo wakakomaa, dume akaota pembe, na ile asubuhi ya kuondoka haikufika, maana hapakuwa na pa kuondokea.

"Mzee, hawa mbuzi wako walibatizwa lini?" jirani yake Simoni alimtania, akionyesha madoa meupe ubavuni mwao. "Naona maji hayajakauka."

"Siku ile wewe ulipotoroka mafundisho," Cleopa alimjibu.

Kisha ikaja hesabu ya mifugo. Katibu wa kijiji, kijana aitwaye Theodory, alipita nyumba kwa nyumba na daftari.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Una mbuzi wangapi?"

"Kumi na watatu. Kumi na mmoja wa kuzaliwa, na wawili wa mtegoni."

Mkewe, Yudith, alimkanyaga mguu. Cleopa hakuuondoa mguu wala hakulirudisha neno lake. Kwao mtoto wa mtegoni alihesabiwa pamoja na mbuzi; kumficha kulikuwa kumkana.

Theodory alikwenda zizini, akarudi taratibu.

"Mzee, hizo ni nyara za serikali. Na kanuni ya viwanja inataja mbuzi, kondoo, kuku na bata tu. Kwa nini umeniambia?"

"Si umeniuliza?"

"Nimeshaandika kwa wino, mzee wangu."

Hesabu ikapanda wilayani. Baada ya wiki mbili Bwana Nyama, afisa wa wanyamapori, alifika na Landrova kuwachukua wakaachiwe Mikumi. Alikuwa mtu mpole, alivua kofia kabla ya kusalimia.

"Watakuwa na wenzao," alisema.

"Hawamjui simba. Wakimsikia mtu akikohoa wanamwendea. Niachie, wataondoka wenyewe."

"Waende wapi, mzee? Pande zote ni mashamba."

Wanyama waligoma kupanda gari mpaka alipotangulia Cleopa; ndipo wakamfuata, wakajikunja miguuni pake. Yudith alijifungia jikoni, hakutoka.

Ndani ya mbuga Bwana Nyama alisimamisha gari karibu na kijito. Cleopa alishuka, nao wakashuka. Alitembea mpaka kwenye vichaka, wakaanza kula majani, naye akarudi garini kimyakimya. Alikuwa hajafunga mlango, nao walikwisha kufika.

Alirudia mara tatu. Jua lilikuwa linapungua.

"Mzee," Bwana Nyama alisema, "itabidi niendeshe tu."

"Endesha."

Katika umri wake wote hakuwahi kumfukuza mtoto wa mtegoni, wala baba yake hakuwahi. Gari likaondoka. Wawili wale wakakimbia nyuma yake ndani ya vumbi, dume mbele, mpaka pumzi ikawaishia. Wakasimama katikati ya barabara, mahali peupe pasipo hata kichaka, masikio yameelekezwa kwenye gari, wakingoja lirudi. Hivyo ndivyo alivyowaona mara ya mwisho.