Swaumu binti Mwinjuma na Sevisi ya Lori

Swaumu binti Mwinjuma alijifunza kufungua mashine kwa sababu ya hasira. Alikuwa na cherehani ya mkono aliyoinunua kwa fedha za mikorosho yake ya Masaki, na fundi mmoja pale Kisarawe alimtoza shilingi nne kwa kuisafisha, kisha akamrudishia ikikwaruza vilevile. Siku hiyohiyo Swaumu alitandika mkeka barazani, akaifungua skrubu moja baada ya nyingine, akizipanga kwa mstari kama zilivyotoka. Akaifuta, akaitia mafuta, akaifunga. Ikashona. Tangu hapo hakuna fundi aliyeigusa tena.

Kusoma alifundishwa na baba yake, karani wa jumbe, aliyekuwa akimkalisha pembeni ya meza na kumwandikisha herufi za Kizungu na hesabu. Wasichana wengi wa rika lake walihitimu Kurani chuoni, na masomo yakaishia hapo. Swaumu alipoolewa na Isihaka, yeye ndiye aliyekuwa akimsomea mumewe barua.

Isihaka alikuwa dereva. Wakati wa vita aliendesha magari ya jeshi mpaka Burma, akarudi na akiba yake, mgongo mbovu, na desturi ya kutii amri yoyote iliyoandikwa kwenye karatasi. Mwanzoni mwa mwaka 1953 waliunganisha akiba yake na fedha za korosho za mkewe za misimu miwili, wakanunua lori jipya la tani tatu. Wakawa wanachukua mihogo na mkaa kutoka Mzenga, korosho kutoka Masaki, na kupeleka Dar es Salaam.

Wakala aliyewauzia alikuwa na gereji yake kule mjini. Aliwapa kijitabu chenye kurasa za kupigwa muhuri. Kila maili elfu mbili gari lirudi kwake kufanyiwa sevisi, na likikosa muhuri mmoja tu, dhamana ya mwaka, ya kutengenezewa bure likiharibika, imekufa. Isihaka aliyachukua maneno hayo kama amri ya sajini. Maili zikikaribia, aliacha mzigo wowote akashuka mjini. Gari lilikaa gerejini siku mbili, yeye akilala kwa binamu yake Ilala, na alirudi na stakabadhi: oili, chujio la oili, grisi, kazi ya fundi, jumla shilingi tisini na mbili. Walikwisha kwenda mara tatu. Swaumu alizisoma stakabadhi zote, akazitia katika kopo la biskuti.

"Tisini na mbili," alimwambia mumewe mara ya tatu. "Na siku mbili lori limelala. Hivi wanafanya nini humo ndani?"

"Wanafanya sevisi, mama Mwamvita. Mimi huniweka nje kwenye benchi."

"Wewe hukai ukaona?"

"Imeandikwa wenye magari wasiingie."

Mwezi wa Novemba vuli ilikuja na vishindo. Barabara ya mjini ilikatika kwenye mteremko wa Pugu, magari makubwa yakazuiwa siku tisa. Lori liliendelea na safari fupifupi kati ya Mzenga, Masaki na Kisarawe, na katika safari hizo maili elfu mbili zikatimia, zikapita. Wakati huohuo magunia arobaini ya korosho yalikuwa yamerundikana katika ghala lililovuja. Mengine yalikuwa ya Swaumu, mengine ya majirani, na kumi na mawili yalikuwa ya Mwanne, dada yake Isihaka, mjane aliyetegemea fedha hizo kwa mwaka mzima. Ukilifungua gunia la chini, harufu ya ukungu ilikuwa imeanza kupanda.

Siku ya Alhamisi habari zikaja kwamba barabara imefunguliwa. Mnunuzi wa Dar es Salaam alikuwa akipokea mwisho Jumamosi mchana. Mwanne alifika asubuhi, ametota mpaka magotini.

"Kaka, tunapakia?"

Isihaka alikuwa amesimama mbele ya lori, kijitabu mkononi. "Siwezi. Muda wa sevisi umepita. Hii oili nimeitazama, nyeusi kama lami. Nikilipandisha Pugu na tani tatu mgongoni, injini ikikatika, nitamwambia nini wakala? Kwanza nilipeleke tupu gerejini."

"Gerejini siku mbili!" Mwanne alisema. "Korosho zangu zitakuwa mboji."

"Sasa mnataka nifanye nini?"

Swaumu alikuwa ameketi kwenye ngazi ya lori, anafunua kitabu cha pili, kile kinene kilichokuja na gari, ambacho hakuna aliyekigusa tangu lilipoletwa. Kilikuwa cha Kiingereza, lugha asiyoijua, lakini kilikuwa na picha za injini, zilizoandikwa vipimo na kutiwa mishale ya kuonyesha.

"Baba Mwamvita, njoo uone," alisema. "Hii si ndiyo skrubu ya kumwagia oili? Na hiki kikombe cha pembeni, ndani yake limechorwa chujio. Mkono huu unaonyesha unavyofungua. Jeshini hamkuwa mkimwaga oili?"

"Tulimwaga. Nimemwaga mara nyingi. Lakini jeshini hakukuwa na dhamana."

"Dhamana itatulisha, korosho zikioza?"

Isihaka alikifunga kijitabu, akasema polepole, "Tukiliharibu, tumekwisha. Wewe unajua kila kitu chetu kimo humo."

"Najua. Na changu kimo pia."

Alikwenda mwenyewe kwenye duka la petroli. Mwenye duka, Mhindi wa makamo aliyekuwa akiuzia magari ya mashamba ya mkonge, alimpimia galoni mbili za oili, akamtolea chujio ndani ya boksi pamoja na pete yake ya mpira, na kopo la grisi. Yote shilingi ishirini na saba. Swaumu aliuliza mara mbili kama hakuna kilichosahaulika. Hakuna.

Walilisogeza lori mahali tambarare. Isihaka aliingia chini, akalegeza skrubu, oili ikamwagika ndani ya karai, nyeusi na nzito. Chujio lilikuwa mahali pabaya, nyuma ya mabomba, na mgongo wa Isihaka haukumruhusu kujipinda. Swaumu alijifunga kanga kiunoni, akalala juu ya gunia, akaingia.

"Mwanamke chini ya gari!" Mwanne alishangaa. Lakini alikuwa ameshika kopo la grisi, akawa anampa kila alichoomba.

Boliti ya kikombe ilikataa kata kata. Ilikuwa imefunikwa na rangi ya kijani iliyopakwa injini yote, na ilipokubali, rangi ile ilipasuka na kumwangukia machoni. Chujio lililotoka lilikuwa limejaa tope. Akaweka jipya na pete yake mpya, akakaza. Isihaka akajaza oili, akapima kwa kijiti, akaridhika. Akapanda, akawasha.

Injini iliunguruma. Mshale wa geji ya oili ulipanda kidogo, ukatetemeka, ukashuka.

"Zima!" Swaumu alipiga kelele kutoka chini. "Zima, inamwagika!"

Oili mpya ilikuwa ikitiririka kando ya kile kikombe, inafanya dimbwi juu ya mchanga. Isihaka alizima, akashuka, akaliangalia dimbwi. Uso ulimwiva. Hakufoka, na Swaumu alisema baadaye kwamba angefoka ingekuwa nafuu.

"Umeniulia gari," alisema, akaenda kukaa kwenye jiwe, kichwa mikononi.

Mwanne naye alitafuta mahali pa kutazama, akaangalia ghala.

Swaumu alibaki amelala palepale. Alifikiria mikorosho ya Masaki, iliyopandwa na baba yake. Alifikiria kumwambia binti yake Mwamvita kwamba lori limekufa na aliyeliua ni mama yake. Halafu, kwa sababu hapakuwa na jambo jingine la kufanya, alifanya kama alivyofanya kwa cherehani: alirudi nyuma hatua moja. Alikifungua tena kikombe, akakishusha, akaitoa pete mpya, akaitazama. Nzima. Akaingiza kidole katika mfereji wa juu, mahali pete inapokaa, akakizungusha taratibu.

Mfereji haukuwa na kina. Palipotakiwa kuwa na shimo, kidole chake kilipita juu ya kitu kigumu, chenye kuteleza, kama chuma. Alikikwaruza kwa kucha, kikaacha alama. Chuma hakikwaruziki kwa kucha.

"Wifi, nipe kisu kidogo."

Alichokonoa, na kipande kikatoka, cheusi, kikavu kama gome. Kikafuata kingine, mpaka ikatoka pete nzima vipandevipande. Ilikuwa pete ya zamani, iliyokauka na kugandia pale, nayo yeye alikuwa ameweka mpya juu yake. Ndipo alipokumbuka ile rangi ya kijani juu ya boliti, iliyokuwa haijapasuka hata kidogo.

Alitoka chini ya gari, uso umejaa oili, vipande kiganjani.

"Baba Mwamvita, inuka. Hii ndiyo pete ya kiwandani. Kikombe hiki hakijafunguliwa tangu gari lizaliwe. Tumelipa machujio matatu, na hakuna hata moja lililotiwa."

Isihaka alivipokea vipande. Akavigeuza kiganjani kimoja kimoja. "Kwa hiyo hujaliharibu?"

"Rudisha oili iliyopungua, uwashe. Ndipo nikujibu."

Mwanne alikimbia dukani, akarudi na nusu galoni. Pete mpya iliingia mfereji wake, ikakaa kimya. Isihaka aliwasha. Mshale ulipanda, ukapita pale ulipokuwa umetetemeka, ukasimama mahali pake. Swaumu alipitisha kitambaa kuzunguka kikombe chote. Kikatoka kikavu. Alipitisha tena. Kikavu.

Isihaka alianza kucheka, kicheko cha mtu aliyekuwa amezuia pumzi, na machozi yakamtoka. Mwanne akapiga kigelegele kimoja, akaona aibu, kisha akapiga kingine. Swaumu mwenyewe akakaa chini pale pale kwenye mchanga uliolowa oili. Aliona mwili wake wote umekuwa mwepesi, kama mtu aliyetua mtungi baada ya safari ndefu ya kisimani.

Alasiri walipakia, na Ijumaa asubuhi lori, Isihaka na Swaumu wakiwa ndani, lilipanda na kushuka Pugu bila kukohoa. Korosho zilipokelewa zote, isipokuwa gunia moja la chini.

Baada ya kushusha mzigo, Isihaka alitaka warudi nyumbani moja kwa moja. Ilikuwa zamu ya Swaumu kukataa. Alikuwa amechukua kopo la biskuti. Wakaenda gerejini, na safari hii hawakukaa kwenye benchi. Mwenye gereji, yule wakala mwenyewe, Mzungu mzee mwenye miwani, alikuwa anaelewa Kiswahili vizuri. Isihaka alimwekea mezani stakabadhi tatu, chujio bovu na vipande vya pete.

"Bwana," alisema, "nimevunja amri ya kitabu chako. Nimebadilisha oili nyumbani. Lakini nilipofungua nimekuta hivi."

Mzee yule alivigeuza vile vipande kwa ncha ya kalamu. Alimwita msimamizi wa mafundi, wakasemezana kwa Kiingereza, msimamizi akatazama chini. Kisha mzee akamuuliza Isihaka, "Nani aliyefungua?"

"Mke wangu."

Alimtazama Swaumu, kanga yake bado ina madoa. Kisha alichukua kijitabu, akapiga muhuri kwenye ukurasa wa nne, akatia saini mwenyewe, akawarudishia fedha za machujio matatu. "Dhamana yenu ipo," alisema. "Poleni kwa usumbufu."

Nje, Isihaka alikifungua kijitabu mara mbili kuhakikisha muhuri umekauka.

Gerejini hawakurudi tena kwa oili. Miezi michache baadaye dhamana iliisha, na hata muhuri hawakuuhitaji. Swaumu aliandika kwa Kiswahili katika daftari la shule vitu vyote vya kufanya kila baada ya maili elfu mbili, na madereva wawili watatu wa Kisarawe wakaja kunakili. Breki hakuzigusa. Alisema breki ni roho za watu, na gari likihitaji breki walilipeleka kwa Mwinyimadi, fundi wa mitambo ya mkonge kule Mlandizi, aliyewaruhusu kusimama na kutazama kila anachofungua.

Mwaka 1956 lori lilipelekwa kwenye ukaguzi wa serikali. Mkaguzi alitambaa chini, akagonga huku na huku kwa nyundo ndogo, akasikiliza injini, akauliza linahudumiwa gereji gani.

"Nyumbani," alijibu Isihaka.

Mkaguzi aliandika "safi", akampa karatasi. Isihaka alimpitishia mkewe dirishani, naye aliisoma mpaka mwisho, akaikunja, akamwambia ageuze lori mapema, maana alikuwa ameanika muhogo na mawingu yalikuwa yanajikusanya upande wa Kisarawe.