Ndege Isiyopakwa Rangi

Mtu akiingia dukani kwa Mama Lenzi na miwani iliyopinda, kabla hajafungua mdomo, mwenye duka alikuwa ameshajua analalia ubavu gani anapopitiwa na usingizi kwenye kochi. Ndivyo alivyokuwa. Jicho lake halikupita kitu bila kukihoji. Miaka ishirini na saba alikuwa fundi miwani katika chumba kile kile chembamba, mashine ya kusagia lenzi ukutani, fremu zimepangwa mbele ya kioo, na juu ya kabati, pale ambapo maduka mengine huweka maua ya plastiki, yeye aliweka ndege za mfano. Ndege sita za plastiki, kila moja urefu wa kiganja na nusu, alizoziunda mwenyewe kipande kwa kipande wateja walipokuwa wachache.

"Mama, na hizi unauza?" watu walimwuliza.

"Hizo haziuzwi. Hizo ni ugonjwa."

Ugonjwa wenyewe aliambukizwa na kaka yake. Kaka alimzidi miaka tisa, na kwa miaka thelathini na nne alikuwa fundi wa ndege, mtu wa ovaroli yenye mafuta na kucha ambazo hazikutakata hata siku ya harusi yake. Alipostaafu, tena mke keshatangulia mbele ya haki, alihamia kwa mdogo wake, kwenye chumba cha nyuma chenye dirisha kubwa. Hapo ndipo macho yalipomgeuka. Ilikuwa presha ya macho, ile inayokuja kimya kimya bila maumivu, ikianza kula pembeni. Daktari alimpa dawa ya matone ili isiendelee, lakini kilichokwisha kuliwa hakikurudi. Akabaki anaona katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Mama Lenzi, aliyewavisha miwani nusu ya watu wa mtaa ule, hakuwa na lenzi hata moja ya kumfaa kaka yake wa tumbo moja. Jambo hilo lilimkereketa, ila hakuwahi kulisema.

Jumapili moja mchana alirudi na ndege moja nyumbani ili aibandike gurudumu lililochomoka. Aliiacha mezani akaenda kunawa. Aliporudi alimkuta kaka kasimama dirishani, mkono kaunyoosha mbali na uso, anaigeuza ile ndege taratibu.

"Unatafuta nini, kaka?"

"Sitafuti kitu. Naiangalia. Unakumbuka mwaka jana tulipomsindikiza binti yako uwanjani? Niliona mlango wa ndege. Nikaona gurudumu. Nikaona herufi mbili. Ndege yenyewe sikuiona. Lakini hii, nikiiweka mbali hivi, naiona yote, pua mpaka mkia."

Mama Lenzi alisimama na taulo mkononi, maji yanamchirizika kwenye viwiko.

"Basi nitakuundia yako," alisema. "Ile ya mizigo, ya injini mbili, uliyokaa nayo miaka yote ile."

"Ile haikupakwa rangi."

"Si nitapaka rangi ya fedha tu?"

Kaka aliangua kicheko. "Fedha! Dada, ile ilikuwa bati tupu, uchi kama ilivyotoka kiwandani. Na bati tupu halina rangi moja. Ukisimama nayo asubuhi jua likiwa chini, unahesabu mabati kumi, kumi na moja, kila moja na sura yake."

"Kwa nini?"

Swali hilo ndilo lililowakalisha mpaka chai ikapoa. Kaka alieleza kwamba bati lina uzi wake kama kitambaa, na fundi akilikata kwa kulalia upande huu badala ya ule, mwanga nao hulala vingine. Nyuma ya mabomba ya moshi bati lilikuwa limeiva kwa joto, likawa kahawia inayokaribia buluu. Milango ilitoka kwenye ndege nyingine. "Na chini ya mkia, upande wa kulia," alisema, "kuna kiraka changu mimi mwenyewe. Nilikikata, nikakipigilia ribiti zake, ile misumari butu ya kushikia mabati, moja moja, siku mbili nimelala chali. Kilikuwa cheusi-cheusi kuliko vingine vyote. Mpaka leo sijui kwa nini niliona fahari nacho."

Wiki tatu baadaye boksi la ndege aliyoiagiza lilifika, na ndani yake vipande vya plastiki ya kijivu. Kuunganisha hakukumsumbua Mama Lenzi. Kilichomtoa jasho ni ngozi. Jaribio la kwanza alipuliza rangi ya fedha ya kopo, na ndege ikatoka kama geti la shule. Mbaya zaidi, kila mkwaruzo uliokuwa umejificha ukajitokeza. Rangi nzito husitiri makosa ya fundi. Ile nyembamba ya bati iliyatangaza kama mpiga mbiu. Aliifuta yote kwa pamba na kiyeyushio, akaanza upya kwa msasa laini wa kulowekwa majini, halafu ule laini zaidi, halafu akachukua unga wa kung'arishia lenzi kwenye mashine yake ya kazini na kuusugua kwenye plastiki kwa kidole, mpaka akaweza kuiona pua yake kwenye bawa.

Kisha akajiuliza swali ambalo alishangaa halikumjia mapema. Ikiwa nataka kitu kifanane na alumini, kwa nini nisitumie alumini?

Akafungua kabati la jikoni akatoa foili ya kufungia vyakula. Akakata kipande cha ukubwa wa stempu, akapaka gundi nyembamba kwa nyuma, akasubiri ikauke nusu, akakilaza kwenye bawa na kukisugua kwa kijiti cha pamba mpaka kikashika kila mfereji. Akakata kingo kwa wembe. Akarudi nyuma hatua mbili. Lilikuwa bati. Halikufanana na bati, lilikuwa bati.

Lakini lote lilikuwa na sura moja, na kaka alikuwa amesema kumi na moja. Upande unaong'aa ulimpa sura ya kwanza, upande uliofifia ya pili. Kusugua kwa sufu ya chuma kwa urefu kukampa ya tatu, na kwa upana ya nne. Zaidi ya hapo alikwama. Siku nne akawa anatembea na swali lile kichwani, mteja anaulizwa kama anaona herufi za chini, naye fundi macho yake yako kwenye buli la chai.

Jibu alilipata kwenye sufuria ya mayai. Asubuhi moja alimwaga maji, akaona kile ambacho alikuwa amekiona maisha yake yote bila kukiona. Ndani ya sufuria, kuanzia usawa wa maji kushuka chini, alumini ilikuwa imefanya weusi. Juu ya mstari ilikuwa nyeupe. Akasimama pale na sufuria mkononi kama aliyeokota barua. Kisha akaijaza maji tena, akatia mayai mengine matatu na vipande vitano vya foili, akaweka saa mbele yake, akawa anatoa kipande kimoja kila baada ya dakika kumi.

Binti yake aliingia jikoni. "Mama, ni nini hicho kinachoelea?"

"Mabati ya ndege."

"Na mayai je?"

"Mayai yanasaidia."

Binti alimwita mjomba wake kwa sauti ya mtu anayeomba shahidi. "Mjomba! Njoo umwone dada yako anapika ndege!"

Kaka alikuja akipapasa ukuta, akashikishwa vipande vitano, akaviweka kimoja kimoja kwenye lile tundu lake la kuonea. Kilichokaa muda mrefu zaidi kilikuwa kimefifia, chenye weusi wa mbali, kama moshi umepita ukaacha harufu.

"Hiki," alisema. "Hiki ndicho kiraka changu."

Hapo ndipo ubishi ulipozuka. Mama Lenzi, kwa tabia yake ya kuhakikisha, alitoa albamu ya zamani akatafuta picha ya ile ndege. Ilikuwepo moja, ya nyeusi na nyeupe, imepigwa kutoka upande wa kushoto wa ndege, mafundi wamesimama karibu na mkia mikono viunoni. Alipoweka kioo chake cha kukuzia, aliona mraba mmoja mweusi kuliko mingine. Upande wa kushoto.

"Kivuli hicho," kaka alisema.

"Kivuli hakina kona nne."

"Dada, nimekipiga mimi. Mkono wangu huu wa kulia uliniuma mwezi mzima. Utanifundisha wewe, mtu wa miwani?"

"Sikufundishi. Nauliza."

"Basi kaiulize ndege."

Alisema hivyo kumkata kauli, lakini alikuwa amesahau anaongea na nani. Ndege yenyewe ilikuwa bado ipo. Ilipochoka kuruka ilipewa chuo cha ufundi, wanafunzi wajifunzie. Alhamisi Mama Lenzi alifunga duka mapema, akatundika kibao cha NIMETOKA KIDOGO, akapanda basi mpaka chuoni.

Mlinzi wa getini alimtazama, mama wa makamo mwenye kioo cha kukuzia shingoni. "Umekuja kwa nani, mama?"

"Nimekuja kuangalia chini ya mkia wa ndege."

Mlinzi alifikiri kidogo, akaona hilo limemzidi cheo, akamwita mwalimu wa karakana. Alikuwa dada wa miaka thelathini na kitu, ovaroli yake imekunjwa mikono, penseli sikioni. Hakucheka. Aliposikia habari ya kiraka, yeye mwenyewe alitangulia kuelekea uani.

Ndege ilikuwa kubwa kuliko Mama Lenzi alivyodhani, na imechoka. Ndege wa kweli walikuwa wamejenga kiota kwenye injini moja. Lakini mabati yalikuwepo, kila moja na sura yake kama alivyoambiwa. Aliinama chini ya mkia. Kulia hakukuwa na kitu. Kushoto kulikuwa na kiraka cha ukubwa wa trei, cheusi-cheusi, ribiti zake zimenyooka kama mishono ya fundi cherehani anayejiheshimu.

Aliporudi nyumbani na habari hiyo, kaka hakuambilika. Alikula kiapo. Akasema wamebadilisha mkia. Akasema chuo kimeleta ndege nyingine. Mwisho akanyamaza, na kimya chake kilimtia dada yake hofu kuliko ubishi, maana aliona mtu anayejiuliza kama kumbukumbu nazo zimeanza kuliwa pembeni.

"Twende wote," Mama Lenzi alisema.

Walikwenda wiki iliyofuata. Kaka alitembea kando ya ndege mkono wake ukiteleza juu ya bati, akitaja kila alichokigusa kabla hajaambiwa: mlango wa mizigo, kifuniko cha mafuta, ngazi iliyokuwa ikigoma. Wanafunzi waliokuwa karibu waliacha kazi zao wakasogea. Alipofika mkiani alisimama.

"Nilale," alisema.

"Kaka, chini kuna mafuta."

"Lini mafuta yakanidhuru?"

Walimshika, akaketi, akalala chali juu ya maboksi yaliyotandazwa. Alijisogeza kwa visigino mpaka akaridhika. Kichwa chake kilielekea kwenye pua ya ndege, miguu mkiani, kwa sababu, alisema, siku ile jeki ilikuwa imewekwa nyuma na haikuwezekana kulala vingine. Kisha akainua mkono wa kulia moja kwa moja juu, bila kupapasa. Vidole vilitua katikati ya kiraka.

Mama Lenzi ndiye aliyeanza kuona: kaka amelala kichwa kikiwa mbele, uso juu. Mkono wake wa kulia ulikuwa upande wa kushoto wa ndege.

"Kaka," alisema, "kulia kwako ni kushoto kwake."

Yule mzee alibaki vile vile, kiganja kimeshika bati. Halafu tumbo likaanza kutikisika, kicheko kikamtoka kikubwa mpaka wanafunzi nao wakacheka bila kujua hasa wanacheka nini. "Miaka yote hii! Nimewaambia watu kulia, kulia! Hata kwenye ripoti sijui niliandika nini!"

"Na weusi?" Mama Lenzi hakumpa nafasi. "Kwa nini kiraka ni cheusi?"

Mwalimu wa karakana alichuchumaa, akakwaruza ukingo kwa ukucha. Alisema mabati mengine yana utando mwembamba wa alumini safi juu, ndio unaoyalinda yabaki meupe. Hili halina.

"Kweli," kaka alisema kutoka chini, taratibu, kama mtu anayevuta uzi mrefu. "Yenye utando yalikuwa yamekwisha stoo. Ndege ilikuwa inasubiriwa. Nikachukua lililokuwepo."

Ndege ndogo ilikamilika mwezi mmoja baadaye, na sura za bati hazikuwa kumi na moja, zilikuwa kumi na nne, kwa sababu Mama Lenzi alihesabu mwenyewe uani mwa chuo na hakukubali kupunguza. Kaka aliishika dirishani karibu saa nzima. Alisema mlango wa mizigo umefunga vizuri mno, wa kweli haukuwahi kufunga hivyo, na dada yake akajibu kwamba hilo alilalamikie kwenye kiwanda.

Mwalimu wa karakana alituma ujumbe kuuliza kama mzee angeweza kuja mara moja kwa wiki kuzungumza na wanafunzi. Siku hizi anakwenda kila Alhamisi, na ovaroli yake ya zamani imefuliwa na kupigwa pasi na binti, jambo analoliona ni aibu. Wanafunzi wanasema akipitisha kidole kwenye safu ya ribiti zao anawaambia ipi waliipiga wakiwa wamechoka.

Mama Lenzi humsindikiza mara nyingine. Safari ya mwisho aligundua kwamba bati la tumboni mwa ile ndege, lisilopigwa jua wala mvua, limefifia kuliko la mgongoni. Yeye alitarajia kinyume chake. Amemwuliza kaka, amemwuliza mwalimu, kila mmoja ana jibu lake na hayalingani. Dukani, kwenye ubao wa dirisha penye jua, sasa kuna vipande viwili vya foili, kimoja wazi na kingine kimefunikwa kwa kifuniko cha boksi la miwani, na mteja akinyoosha mkono kutaka kukisogeza anaambiwa tafadhali asiguse, bado wiki sita.