Kitanda cha Karibu na Ukuta

Kamalondo, Lubumbashi, Jumamosi asubuhi. Dada yangu mkubwa, yaya Chantal, ndiye aliyenitia safarini. Tangu tetemeko kubwa, Mama Feza, dada wa mama yetu, alikuwa akilala nje ya nyumba yake kule Lukafu. Mvua zimeanza, naye anakohoa.

"Weye njo unasomaka matetemeko ku université," yaya akasema. "Wende umurudishe mu nyumba."

Nilichoka kabla ya kupanda gari. Ninachosoma chuoni ni hesabu za matetemeko, si uaguzi. Baada ya tetemeko kubwa huja madogo mengi, kisha yanapungua kadiri siku zinavyopita. Lakini lipi litakuja lini, hakuna ajuaye. Nimelieleza hilo mpaka koo limenikauka.

Njiani, abiria mmoja aliniuliza kama matetemeko madogo ni dalili ya kubwa. Nikamjibu kuwa mara nyingine ni dalili, ila tunalitambua hilo baada ya kubwa kufika. Akanigeuzia mgongo, utadhani nimemwibia.

Lukafu, mchana. Mama Feza alikuwa ameketi chini ya turubai linalovuja.

"Mwanangu, uniambie tu siku. Itaisha siku gani?"

Nikaeleza tena. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Basi hauyue."

"Ninajua, mama! Sasa uwezekano wa lingine kubwa ni mudogo sana. Uingie, ulale."

Tukaingia. Chumbani mlikuwa na vitanda viwili, kimoja mlangoni, kingine chini ya ukuta wenye ufa unaopitisha mkono.

"Bon. Miye ntalala pa mulango," akasema. "Weye ulale pale."

Nikautazama ule ufa. Hesabu zangu zilikuwa sahihi, lakini miguu ilikataa. Hasira yote niliyoibeba tangu Kamalondo ikanigeukia mwenyewe. Nilikuwa nimehesabu matetemeko, ukuta sikuuhesabu. Ukuta uliokwisha kupasuka hausubiri tetemeko kubwa.

Jioni tukahamishia kitanda cha mlangoni kwenye kibanda chake cha jikoni, chepesi, cha miti na nyasi, mahali pakavu, na moto tukauwashia nje. Majirani wakaahidi kuubomoa ukuta.

Lubumbashi, kesho yake. Yaya alinipokea kwa kelele.

"Tulikutuma umurudishe mu nyumba, weye unamulalisha mu cuisine!"

Nimejifunza kwamba uwezekano mdogo ni rahisi kuutangaza ukiwa unalala mbali nao. Nikamwambia yaya kitanda cha karibu na ukuta bado kiko wazi, na gari la Lukafu linaondoka asubuhi.

Akaenda kuangalia sufuria yake.