Maili Nane za Kiegeani

Enzi za Mwingereza nilikuwa karani katika shamba kubwa la minazi hapa Mafia. Kampuni ilikuwa na lori moja na dereva mmoja, kijana wa rika langu. Kazi yake ilikuwa kupeleka mbata, nazi zilizokaushwa, bandarini Kilindoni na kurudi. Yangu ilikuwa kuandika maili. Kila asubuhi na kila jioni nilipanda lorini, nikasoma namba zilizo nyuma ya usukani, nikazitia daftarini. Meneja, Mzungu mwenye masharti mengi, hakutaka gari liende popote pasipo kazi ya shamba.

Sikumpenda yule dereva, na siwezi kusema alinikosea. Mimi nilisoma, yeye hakusoma. Lakini akipita na lori, watu wazima walisimama kumpungia mkono. Nikipita mimi na kalamu yangu sikioni, hakuna aliyegeuka.

Kisha maili zikaanza kuzidi. Kwenda Kilindoni na kurudi zilikuwa kumi na mbili. Siku za Alhamisi zikawa ishirini. Nikanyamaza, nikawa nachunguza. Alhamisi ya tatu nikakuta kiti cha dereva kimetandikwa mkeka mpya, wa zambarau na kijani.

Kazi ya mkono ule niliijua. Ilikuwa ya mwanamke mmoja wa Kiegeani, aliyeachwa na mumewe, fundi wa mikeka. Hata msala niliokuwa nikiswalia niliununua kwake. Mwaka mzima nilikuwa nikienda kwake kwa miguu kuuliza mikeka nisiyoihitaji, nikarudi bila kutamka neno lililonipeleka.

"Mkeka huu umeupata wapi?" nikamwuliza dereva.

"Nimepewa."

"Na hizi maili nane?"

Akacheka. "Ndugu yangu, wewe andika kumi na mbili. Gari lenyewe halijalalamika."

Angeniomba, labda ningemstahi. Kicheko kile ndicho kilichonipeleka ofisini.

"Una hakika?" meneja aliniuliza.

"Nina hakika, bwana."

"Huko Kiegeani alikuwa na shughuli gani?"

"Shughuli zake mwenyewe."

Siku ile ile dereva akanyang'anywa ufunguo, akapelekwa tanurini kukausha nazi, kwenye moshi. Lori akawa analiendesha meneja mwenyewe. Nami nililala usingizi mzuri, Mungu anisamehe.

Alhamisi iliyofuata nilivaa kanzu iliyopigwa pasi, nikashika njia ya Kiegeani. Leo nasema, nikajiambia. Nilipofika nikamkuta dereva amekaa barazani kwa yule mwanamke, macho mekundu kwa moshi, miguu imejaa vumbi hadi magotini. Alikuwa ametembea kutoka tanurini.

"Karibu, karani," akasema. Hakuwa na hasira, na hilo liliniuma zaidi.

Mwanamke akatoka ndani. "Umekuja kutazama mikeka?"

"La, nimekuja..." Nikamtazama yule aliyekaa. "Ndiyo. Mikeka."

Sikununua kitu. Nilipoaga, yule mwanamke alinisindikiza hadi njiani.

"Najua ni wewe uliyemsema kwa Mzungu," akaniambia kwa sauti ya chini. "Ulidhani nimependa lori?"

Nikainama kukung'uta vumbi la kanzu.

"Mwaka mzima unakuja hapa. Nami nilikuwa nangoja. Mbona hukusema?"

Hata hapo sikusema. Nikarudi nikipiga hesabu ya hatua za mwenzangu, kutoka tanurini hadi baraza ile, nikimwonea wivu hata vumbi lake.

Walioana mwezi wa Mfungo Mosi, baada tu ya Ramadhani. Meneja alikuwa amekwisha kumrudishia ufunguo, maana kuendesha kulimchosha. Mwaliko ulinifikia, nikatuma salamu kwamba nina homa. Jioni dada yake dereva akanibishia hodi, kashika sahani ya pilau iliyofunikwa kawa.

"Kaka anasema upone haraka."

Nikafunga mlango, nikaila nimesimama vile vile, hadi punje ya mwisho. Ilikuwa tamu, na kila tonge liliniongezea hasira.