Dole Lisilo na Mistari

Kasiani Nikolao, ambaye wengi walimwita Baba Theodora, alikuwa karani wa ujumbe katika ofisi moja ya Newala, miaka ile watu wakihamishiwa vijiji vya Ujamaa na ng'ambo ya Ruvuma vita havijatulia. Mtu wa polepole, mwenye kuchonga penseli hata ikiwa kali. Simu ikiingia kutoka Masasi, yeye huiandika kwenye kadi alizozikata katika makasha ya sabuni, na hapo kadi inaanza safari: kuna anayefasiri, kuna anayepeleka, kuna anayemsomea mwenyewe kama hajui kusoma. Kila amalizaye hukunja pembe moja. Hatua isiyohitajika hurukwa, inayohitajika hupachikwa. Kadi ikikwama haitupwi wala hairudishwi mwanzo. Inaingia mtungini, mtungi mkavu, maana maji yenyewe Newala yalikuwa ya kutafuta, na sababu imeandikwa juu yake: kahama, hajulikani, hakuna aliyeitika. Asubuhi Kasiani huzitoa akaziendeleza palepale zilipokwamia. Mtungi ule aliuonea fahari kuliko mikorosho yake.

Juni moja ya ukungu mzito ikaja simu kutoka hospitali ya Mkomaindo, Masasi: "Severina wa Makote, nyumba ya mikoroshoni. Mwanao Dominic kakanyaga bomu la kutegwa mpakani. Mguu unaoza. Hataki ukatwe mpaka akuone. Njoo haraka."

January, mpeleka ujumbe, akaenda kwa baiskeli, akarudi na kadi ya mapokezi yenye dole gumba la wino. Kazi imekwisha. Mtungini hamna kitu.

Kesho yake Kasiani akaitazama kadi ile tena. Dole halikuwa na mistari. Doa laini tupu, kama mtu kabonyeza kokoto.

"January, ulimwona Mama Dominic?"

"Baba Theodora, mjane wa watu nikamchungulie? Nimepiga hodi, kasema karibu, weka hapo. Nikasukuma ujumbe, kadi ya mapokezi na wino mlangoni, nikageuza uso. Adabu tu."

"Nyumba ipi?"

"Ile ya mikoroshoni. Ndivyo mwanawe alivyoelekeza."

Kasiani akaiweka penseli chini. "Dominic yuko mpakani mwaka wa pili, hajui. Kule walihamishwa wote. Hata mapaa yameezuliwa."

"Ukungu ule, mzee! Mimi niliona mlango tu."

Wakatoka pamoja. Nyumba ile ilikuwa njiani kwenda kijiji kipya, na Kasiani hakuweza kuipita. Ukungu ulikuwa bado unadondoka kwenye majani ya mikorosho.

"Hodi!"

"Karibu," ikaitika sauti ya mwanamke, ya upole kabisa.

"Wewe ni mama wa nani?"

Ndani kadi ya ujumbe ikachakacha, kama inakunjuliwa.

"Wa Dominic."

"Si nilikwambia!" January akanong'ona.

Kasiani akatikisa kichwa. Jina hilo limo kwenye ujumbe. Aliyeushika anaweza kulisoma. "Na kabla hajaingia jandoni, alikuwa anaitwaje?"

Kadi ikaacha kuchakacha. Wakangoja, wakangoja. Mlango ulikuwa wazi kidogo, na nyuma yake, kwa kuwa paa halipo, ulionekana ukungu mtupu. January akaanza kuikokota baiskeli, akasahau kwamba hupandwa.

Katika kijiji kipya, Severina alikuwa akimenya mihogo na jirani yake Dominika. Kasiani alipomuuliza swali lile, alijibu kabla hajamaliza, na Dominika akaangua kicheko: "Ndilo! Lakini jina la utotoni unalitafutia nini, karani?" Kasiani akamtajia ujumbe kwa kichwa, neno kwa neno. Kisu kikaanguka.

Severina na Kasiani walidandia lori la mihogo usiku kucha, na kulipokucha wakawa Mkomaindo. Dominic alikuwa amekonda, macho yamezama. Kumwona mama yake, hakufurahi.

"Umerudi? Jana jioni si ulisimama dirishani ukaniambia nisikubali?"

Severina akamgeukia Kasiani. Akakaa kitandani.

"Sikuwa mimi, mwanangu. Mimi ndiyo kwanza nafika."

"Sauti ilikuwa yako."

"Basi nishike."

Dominic akasita. Kisha akanyoosha mkono, akaushika wa mama yake, akakaa nao muda mrefu.

"Wewe una joto," alisema.

Akamwita muuguzi. "Haya. Kateni."