Koti Lililokaa Kitini

Nilivaa koti la mtu nikatoka nalo ofisini kwake mchana kweupe, na askari wa geti akanipigia saluti. Huo ndio ujinga nilioanza nao. Niko kidato cha tatu, koti lenyewe lilinifika karibu na magoti, na bado saluti nikapigiwa. Sijajutia. Kuna asubuhi moja tu hapo katikati niliyotamani ardhi inimeze, nitaifikia.

Lakini niulizeni kwanza kosa la mwenye koti.

Dadangu alikuwa amemaliza digrii ya kwanza katika chuo kimoja huku kwetu, akakubaliwa kusoma masters kwenye kampasi nyingine hapa hapa Voi. Tulichinja kuku. Tulidhani mtu akifika huko juu anabebwa kama yai. Kumbe kule chuo cha kwanza ndiko alikokuwa na watu: matroni wa hosteli, kiongozi wa darasa, mhadhiri aliyejua mpaka mama anauza nini. Huku kwa wasomi wakubwa alipewa benchi. Benchi la mbao nje ya ofisi ya huduma kwa wanafunzi, mlango wazi, na ndani kuna kiti kimevaa koti.

Koti ndilo lililokuwa limeajiriwa. Jua la Voi mnalijua, hakuna mtu mwenye akili zake anayevaa sufu. Lakini koti likiwa kitini, maana yake mwenyewe yupo. "Yuko hapa hapa tu," sekretari angesema, "si unaona koti?" Mwenyewe nilimwona hotelini karibu na stendi, kitambi mbele, anachokonoa meno.

Dadangu alitaka kitu kimoja: apangiwe msimamizi, yaani mhadhiri wa kumwongoza katika utafiti wake. Asipompata kufikia Ijumaa, nafasi inapewa mwingine. Siku pekee aliyomnasa yule ofisa, aliangaliwa kuanzia viatu kwenda juu.

"Kasichana kama wewe, masters ya nini? Nyinyi wa milimani si mlime tu viazi? Kaa hapo nitakuita."

Mpaka leo hajamwita.

Jioni hiyo dadangu alimenya mihogo ya kimanga, ile tunayoponda na maharagwe, bila kusema neno. Na nyumbani kwetu yeye ndiye redio. Nikamwangalia, nikasema moyoni, huyu mzee atanitambua.

Jumatano shule zilikuwa zimefungwa, nikamsindikiza. Yeye alienda msalani, sekretari akaenda kuchukua chai, nami nikaingia. Mengine nimeshasema. Mpango wangu ulikuwa kulipeleka koti kwa nyanya, Wundanyi kule milimani, livalishwe sanamu ya kufukuza nyani shambani. Angalau huko lingefanya kazi ya maana. Kwa wakati huo nikalizika chini kabisa ya rundo la mitumba ya mama sokoni, kwa sababu mama huuza makoti kwa watu wanaopanda milimani kwenye baridi.

Alhamisi, hata chai haijapoa, dadangu akatokea pale kwa mama.

"Leo hata kwa benchi sijakalishwa," akasema. "Sekretari ameangalia kiti, akasema koti halipo, kwa hiyo hayupo. Akafunga mlango." Akaketi juu ya ndoo. "Basi. Nitarudi kufundisha tuisheni."

Hiyo ndiyo asubuhi niliyowaambia. Nilitaka kumchoma ofisa, nikamchoma dadangu.

Mchana nikainua kichwa, nikaona kitambi cha yule ofisa kinakuja kati ya vibanda, kinatafuta koti jingine la kukaa kitini. Nikageuka kulitafuta koti nilifiche zaidi. Wapi! Mama alikuwa ameshalifukua, amelipiga pasi, amelitundika mbele kabisa.

"Hiyo ni kamera, baba," mama akamwambia. Kamera ni chaguo la kwanza, nguo isiyo na doa. "Ijaribu, kastoma wangu."

Jamaa akalivaa. Likamkaa kama alizaliwa nalo. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa kijiti cha meno, akakitazama.

"Mama, hili koti ni langu!"

"Ukilipa litakuwa lako."

"Nakwambia ni langu! Limeibwa jana ofisini kwangu, saa za kazi!"

Watu wakaanza kusogea. Miguu yangu ilikuwa tayari kwa mbio mpaka Miasenyi. Ndipo dadangu akainuka polepole kutoka kwenye ndoo.

"Shikamoo, bwana. Jana saa za kazi mimi nilikuwa kwa benchi lako. Sekretari aliniambia uko ndani. Sasa liliibwaje, na wewe uko ndani?"

Muuza viatu wa jirani akaangua kicheko. "Mzee, jibu swali! Koti liliibwa ukiwa umelivaa?"

"Labda nimelifananisha," ofisa akasema.

"Labda," dadangu akasema. "Na msimamizi wangu je, naye tumfananishe na nani?"

Jamaa alitoa simu jasho likimtiririka, kwa sababu koti la sufu bado lilikuwa mwilini. Akapiga pale pale, katikati ya sidiria na suruali za watoto. Sauti ya mama mmoja mhadhiri ikasikika mpaka kwa muuza viatu: "Huyo msichana yuko wapi siku zote hizi? Niliambiwa hakuna aliyeomba! Mwambie aje kesho asubuhi, wenzake wapya wote wanakutana kwangu, ndio wanaosaidiana."

Dadangu alilia. Mimi niliendelea kumtazama ofisa, sikutaka kukosa hata tone moja la lile jasho. Kisha akalinunua koti lake. Aliomba apunguziwe. Mama hakumpunguzia.

Ijumaa dadangu alirudi na msimamizi, na simu iliyojaa ujumbe wa wenzake. Hapo nikamweleza mama ukweli wote. Mama yangu ni mtu wa kwaya, huimba safu ya mbele. Alikunja blauzi, akaikunjua, akaikunja tena bila kunitazama. Nikafunga macho nikingoja kofi.

"Jumapili utaenda kutubu," akasema. "Sasa niambie, yule ofisa anavaa viatu saizi gani?"