Matawi Niliyoyaacha Njia ya Mashewa

Mdogo wangu ni msoma ramani wa magari ya mashindano. Dereva anakanyaga mafuta, yeye yuko pembeni na daftari, anamsomea kona kabla hazijafika: kushoto kali, kulia ndefu, shikilia. Mimi ni fundi redio wa Manundu, hapa hapa Korogwe. Kazi yangu iko barazani kwangu, na safari yangu ndefu ya wiki ni kufuata vitunguu sokoni. Mama yetu alitugawia miguu vibaya.

Mwaka juzi walikuja watu wa kamera kutoka Dar. Walikuwa wanatengeneza vipindi vya kuonyesha kinachofanyika nyuma ya mashindano, yale asiyoyaona mtu aliyesimama kula vumbi: mafundi wakigombana, dereva akitapika kabla ya kupanda gari. Walihitaji mwenyeji wa kuwaonyesha njia. Mdogo wangu akanitaja mimi, nadhani kwa utani, nami nikakubali kwa kiburi.

"Kaka, wewe ukifika Korogwe ya zamani tu unaomba maji kama umevuka jangwa," aliniambia. "Utawaongoza wapi hawa?"

Alitania, lakini hakuwa na raha. Mwenye timu, mzee mmoja mfanyabiashara, alikuwa na magari mawili. Moja aliliendesha mgeni kutoka ng'ambo. La pili aliliendesha dada mmoja wa Tanga, na huyo ndiye aliyesomewa na mdogo wangu. Mzee alikwisha kusema mbele ya kamera: gari la dada likimaliza tena nyuma ya lile la mgeni, msoma ramani anashuka, anapanda mwingine.

Siku moja kabla ya mashindano tulikwenda njia za vumbi za Mashewa kutafuta mahali pa kupigia picha. Mbele kidogo ya kona moja iliyofichwa na mahindi, gari letu likapata pancha. Mimi na dereva wetu tukafanya anachofanya kila mtu huku: tukakata matawi mabichi, tukayalaza barabarani kabla ya kona, anayekuja ajue mbele kuna gari limekwama. Tairi likabadilishwa, dereva akapiga honi, nikarukia ndani tukaondoka. Matawi tukayaacha. Huku kwetu kuyaweka tunajua sana. Kuyaondoa ni kazi ya mvua na ng'ombe.

Siku yenyewe, asubuhi walikimbia njia za Handeni, na dada akatoka mbele ya mgeni kwa sekunde tisa. Ilibaki Mashewa. Sisi tulikuwa tumeshajipanga kilimani, barabara imefungwa, mimi natafuna muwa kama mkubwa fulani. Mpiga picha akasema, "Kona ile ya pancha yetu itatoa vumbi zuri sana."

Nikautupa muwa. Matawi!

Gari la wasimamizi lilipita asubuhi, na bila shaka liliyazunguka matawi yale kama tunavyoyazunguka sote. Magari huachiwa moja moja kwa kupishana dakika mbili, mshindi ni wa saa, si wa kutangulia. Mgeni angeachiwa kwanza, naye angeyakanyaga. Kwake majani ni majani. Lakini mdogo wangu kazaliwa hapa. Akiona matawi barabarani atapiga kelele "punguza!" kabla hajafikiri. Na asingekuta kitu.

Hatua tano kutoka kwangu alisimama msimamizi mwenye redio ya mawasiliano. Neno moja tu lingetosha. Lakini ningelazimika kusema nani aliyeyaweka, na watu wote wa njia nzima wangesikia. Nikaona bora nikimbie.

Mimi, kukimbia! Nilikata katikati ya mahindi, tumbo likitangulia. Kwa mbali injini ya kwanza ikaanza kunguruma. Mwisho wa shamba nikamkuta bibi mmoja na jembe lake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo."

"Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo, bibi, naomba nipite..."

"Unakimbizwa na nini, mjukuu wangu? Barabarani usiende, magari hayo yanakuja."

Gari la mgeni likapita likivuma, likayakanyaga matawi kama nilivyojua. Vumbi likafunika kila kitu. Dada alikuwa dakika mbili nyuma yake. Nikaruka barabarani, nikavuta tawi moja, la pili, la tatu, nikitupa kichakani na kuhesabu pumzi zangu kama mgonjwa. La mwisho lilikuwa kubwa. Nikaling'ang'ania kwa mikono miwili, nikarudi nalo kinyumenyume hadi ukingoni. Barabara ikawa nyeupe, safi. Nikainuka kushangilia, tawi bado mkononi.

Ndipo gari la pili likatokea.

Nilimwona mdogo wangu, naye akaniona: mtu wa kwao kabisa, kasimama kando ya barabara kashika tawi bichi juu. Gari likainamisha pua. Likaingia konani taratibu kama linakwenda msibani, likakuta barabara tupu, likanguruma tena na kupotea.

Walimaliza nyuma ya mgeni kwa sekunde nne.

Jioni, kwenye uwanja wa Korogwe ambako magari yalitengenezewa, mzee alimsimamisha mdogo wangu. Kamera zilikuwa zinazunguka.

"Kwa nini ulimwambia apunguze?"

"Niliona dalili ya hatari, mzee."

"Dalili gani? Aliiweka nani?"

Mdogo wangu akatazama viatu vyake. Alinyamaza, na nikajua hatanitaja, na kwamba kunyamaza huko kutamshusha garini. Nikapenya katikati ya mafundi.

"Mimi, mzee," nikasema. Kamera zote zikanigeukia. Nikaeleza pancha, matawi, redio niliyoiogopa. Mafundi wakaanza kucheka, mmoja akakaa chini kabisa. Mzee hakucheka. Alimgeukia dada.

"Wewe ndiye unayekaa naye garini. Unasemaje?"

Dada alikuwa anavua glavu. "Kaniambia punguza, nikapunguza. Kama nyuma ya kona pangekuwa na gari, leo mngekuwa mnatuzika. Akishuka huyu, na mimi nashuka."

Mzee aligeuka akalitazama gari lake.

"Basi abaki," akasema. Kisha akaninyooshea kidole. "Lakini huyu, siku za mashindano akae nyumbani kwake."

Hakuna adhabu niliyowahi kuipokea kwa moyo mkunjufu hivyo.

Mdogo wangu alikuja kukaa karibu nami juu ya tairi. Alikuwa na chupa ya maji, akanywa, hakunipa.

"Ungemwambia tu yule mwenye redio, kaka."

"Niliona aibu."

"Ukaniachia mimi aibu yako niiendeshe."

Akanywa tena, kisha akanisogezea ile chupa, imebaki nusu.